Pete Mia Tisa za Pantoni

Jumatatu, 3 Machi

Oda imetoka. Pete mia tisa, unene wa kidole gumba, urefu wa kiganja, ziungane ziwe mnyororo mmoja wa kuvutia pantoni kutoka ng'ambo hii hadi ile. Zifike mtoni kabla maji hayajapanda, maana yakishapanda hakuna wa kuuvusha. Ofisi ya kivuko imesema wazi: tukichelewa, mnyororo utaagizwa kiwandani. Na kiwanda kikishaingia mlango huo, hakitoki tena.

Naandika haya ili siku mtu akiniambia oda ilijileta yenyewe, nimwonyeshe. Haikujileta. Nilikwenda pale ofisini mara nne. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu. Mara ya pili mkubwa alikuwa kwenye kikao, ya tatu alikuwa amelala, nimemwona dirishani. Mara ya nne niliingia bila kubisha, nikamwekea mezani pete tatu za mfano. Ni mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizigonga moja moja, akazisikiliza, akauliza, "Nani kafua hizi?"

Nikasema, "Mimi."

Pete zile alizifua wifi yangu, dada wa mume wangu. Lakini karakana naiendesha mimi, chuma nilikitafuta mimi, mvukuto niliuvuta mimi. Ukiulizwa nyumba hii ya nani, humtaji mwashi. Sioni kosa.

Jumanne, 4 Machi

Mkubwa wa pantoni kaja kuona tunavyofanya kazi. Kasimama mlangoni, miwani imejaa mvuke, akamwambia wifi aliyekuwa ameshika koleo, "Dada, una bahati kufanya kazi chini ya mkono kama wa huyu mama. Mwangalie sana, utajifunza."

Nilitaka kusema kitu. Nikaona ameshageukia paa, anauliza kama linavuja. Linavuja.

Wifi alingoja aondoke, akachomoa chuma motoni, akakilaza juu ya fuawe, na badala ya maneno ya siku zote ya wimbo wa pete akatia mapya:

*Aliyeshika koleo, moto wamjua yeye.*
*Aliyeshika kalamu, sifa kabeba mwenyewe.*

Bubu alicheka mpaka akakosa pigo. Huyo ndiye mpiga nyundo kubwa wetu, na tunamwita Bubu kwa sababu tangu asubuhi mpaka jioni hanyamazi.

Sasa nieleze utaratibu wa nyumba hii, maana ndio unaonitesa. Kwa ukoo wa mume wangu, neno lililoimbwa chuma kikiwa motoni au juu ya fuawe halishitakiwi. Ukiguswa, unajibu hapo hapo, kwa wimbo ule ule, ukiwa na kazi mkononi. Ukijibu kwa maneno makavu umeshindwa na watu wanakucheka. Baba mkwe na mama mkwe walisemana hivyo miaka thelathini na walizikwa wakipendana. Vizuri sana. Mimi sikuzaliwa kwenye ukoo huu, na siimbi. Shuleni wageni wakija, mwalimu alikuwa ananiambia nichezeshe mdomo tu.

Nikamuuliza wifi kwa maneno makavu, "Tumefika pete ngapi?"

Akaimba.

Ijumaa, 7 Machi

Pete themanini na tano. Mvua. Makaa ya chini ya gunia yameloa, yanatoa moshi kama majani mabichi.

Wifi hanisemeshi. Mchanga tunaonyunyizia chuma ili ncha zishikane ukiisha, anamgeukia Bubu: "Mwambie mwenye mali mchanga umekwisha." Na mimi nimesimama pale pale, mkono kwenye mvukuto, namsikia. Bubu naye mpumbavu anageuka na kuniambia, "Mama, eti mchanga umekwisha."

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepewa jina. Wakati najumlisha kazi ya wiki kwa sauti, wifi kaanza:

*Bi Hesabu kahesabu pete mia na sabini.*
*Muulize ipi yake, atakuambia nini?*

Nilichomwambia ni kwamba wimbo ukinoga wanasahau chuma motoni na makaa yanateketea bure. Nilipiga kelele: "Makaa hayo, makaa!" Wakaendelea. Nikapiga tena. Wakaendelea.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Mkanye dada yako."

"Ni wimbo tu, mke wangu."

"Mbona wewe huimbwi?"

"Mimi sina la kuimbwa. Nabeba makaa." Akachovya mkate kwenye chai. "Si umjibu."

"Siimbi."

"Basi vumilia."

Nilikuja kwenye karakana hii kama kibarua wa kuvuta mvukuto, sina viatu. Baba mkwe alipofariki tulikuta fuawe moja, koleo mbili na paa lililotoboka. Watoto wake wawili, huyu anayechovya mkate na yule anayeimba, walikaa humo ndani wakisubiri mteja apotee njia. Aliyetoka kwenda kugonga milango ya watu ni mimi. Machimboni ni mimi. Kwa wenye visima ni mimi. Leo naambiwa nivumilie.

Ijumaa, 14 Machi

Mia mbili na arobaini. Paa limetoboka mahali pengine.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepiga marufuku wimbo.

Sikugombana na mtu. Nimeingia asubuhi na redio ya mezani, nikaitundika kwenye msumari, nikasema, "Mnataka sauti, sauti hiyo hapo." Wifi kaitazama redio, katazama moto, kamwambia Bubu, "Haya."

Mpaka mchana Bubu alikuwa amepiga koleo mara mbili na dole gumba la wifi mara moja. Alikuwa anafuata mdundo wa tangazo la sabuni. Nikaizima. Nikasema nitahesabu mwenyewe: moja, mbili, moja, mbili.

"Mama," Bubu akasema, "ukihesabu najiona niko darasani. Mkono unasita."

"Ulifika darasa la ngapi?"

"Ndiyo maana unasita."

Jumatano, 19 Machi

Kila baada ya siku mbili tunazitundika pete kwenye boriti na kuzivuta kwa roda tuone kama zimeshika. Za siku hizi mbili ni thelathini na nane. Zimefunguka kumi na moja. Zimefunguka kama midomo.

Nijisemee ukweli humu ndani, hakuna anayesoma. Ncha mbili za pete zinashikana zikipigwa chuma kikiwa cheupe, na weupe ule hauchukui muda, ni kama kufumba jicho. Mvukuto uache kwa wakati wake, koleo litoke kwa wakati wake, nyundo ndogo ya wifi ionyeshe mahali na nyundo kubwa ya Bubu ishuke hapo. Watu watatu, mikono sita. Wimbo ndio unaotufunga pamoja. Mimi nilidhani ni mapambo.

Nimeondoa redio. Wifi alitunga ubeti kuhusu redio ambao siuandiki.

Jumamosi, 22 Machi

Kaja binti mmoja kutoka mjini na kinasa sauti. Anakusanya nyimbo za kazi za watu wa zamani kwa ajili ya kipindi cha redio. Nikamwambia sisi si watu wa zamani, tuna oda. Akacheka vizuri, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ni majivu matupu. Mume wangu alishampa kigoda.

Alitaka waimbe wimbo wa pete tangu mwanzo. Wifi, ambaye mimi hajanisemesha karibu wiki tatu, alimweleza huyo binti mambo mpaka mate yakamkauka: ubeti huu wa baba, huu wa mama, huu wa mwaka wa njaa. Kisha akaimba, na hakuruka kitu. Koleo, kalamu, Bi Hesabu, vyote.

"Mara moja tena tafadhali," binti akasema, "nyundo zimefunika maneno. Mnaweza kupiga polepole?"

Wakapiga polepole. Vyuma viwili vikaungua motoni, vikarusha cheche, vikawa kama sukari guru iliyomwagika. Mimi nikawa nakimbia kati ya mvukuto na maji: makaa hayo, makaa.

Alipokuwa anakunja nyaya zake akaniuliza, "Na wewe mama, sehemu yako kwenye wimbo ni ipi?"

"Sehemu yangu ni kuwaambia wanyamaze."

Akaandika.

Jumanne, 25 Machi

Mia nne. Mvua usiku kucha. Mto umeanza kubadilika rangi, wanasema wanaotoka huko.

Jumamosi, 29 Machi

Wimbo umetoka kwenye redio.

Mume wangu aliwaita majirani. Sikujua. Natoka jikoni nakuta watu kumi na wanne wamekaa kwenye magunia yangu ya makaa, redio ile ile juu ya fuawe, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Wifi kakaa mbele, kajifunga kitambaa kipya kichwani.

Wakaanza. Ilikuwa sauti yake yeye tu, halafu Bubu, nyundo kwa mbali. Sijawahi kuusikia wimbo huo bila mvukuto masikioni mwangu. Ni mzuri. Nimeandika, basi.

Halafu baada ya kila ubeti, kwenye pigo lenyewe, bila kuchelewa hata nusu ya pumzi, ikaingia sauti ya mwanamke mmoja, kali, iliyokauka: *Makaa hayo, makaa!*

Nilitafuta pa kuweka uso wangu. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Mara ya pili fundi wa baiskeli akaanza kutikisika mabega. Mara ya tatu wote kumi na wanne waliitikia pamoja na redio.

Mtangazaji akasema, "Na hapo mmesikia kiitikio cha asili cha wafua minyororo."

"Hongera, Bi Hesabu," fundi wa baiskeli akasema, anafuta machozi. "Miaka yote hii unatuficha."

Nikamtazama wifi. Alikuwa anatazama sakafu, lakini shingo yake ilikuwa inacheka.

Jumatano, 2 Aprili

Muuza mkaa sasa anapita mtaani na mkokoteni akinadi kwa maneno yangu. Makaa hayo, makaa. Anavuta ile sauti ya mwisho kama mimi. Wanafunzi wanamwitikia. Nimemwambia aache. Kanijibu kwamba tangu aanze anamaliza mkokoteni kabla ya saa nne, na kwamba nisimwonee wivu.

Pete mia tano na themanini.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ndiyo leo. Naandika yote kama yalivyokuja.

Mkubwa wa pantoni kafika saa tano, katikati ya mvua, mwavuli mmoja, yeye na kijana wa ofisini wakiugombania. Nikadhani kaja kuhesabu pete. Nikamwambia zimefika mia sita na hamsini, tuko mbele ya mpango.

"Nimesikia redio," akasema.

"Nyimbo za kazi," nikasema. "Watu huimba lolote."

"Unajua, mama, mimi baba yangu alikuwa mfua mapanga. Mfua chuma haimbi lolote." Akanipita. Akaenda mpaka kwenye fuawe, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akamwambia wifi, "Zile pete tatu ni zako?"

Wifi akamtazama Bubu. Bubu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

"Ni zangu," wifi akasema.

"Nilikuambia uangalie ujifunze."

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Haidhuru, mzee. Chuma kinapoa."

Akangoja pete ile ifungwe. Kisha akasema, mbele yangu, kana kwamba mimi ni gunia, kuwa ofisi inafungua karakana yake kule kivukoni. Paa zima, mvukuto wa mashine, sare. Wanatafuta fundi wa kukaa pale, awe na cheo, jina lake liandikwe mlangoni. Akauliza kama wifi atakubali.

Aibu ilikuwepo, ila ilingoja. Nilikuwa napiga hesabu. Wifi akiondoka leo, zimebaki pete mia mbili na nusu ya mia, na baada yake hakuna pete tena, hakuna karakana, kuna banda lenye wanaume wawili na mwanamke anayejua bei ya nondo.

Wifi akasema, "Nitakujibu mnyororo ukifungwa."

"Vizuri," mkubwa akasema. Akanigeukia. "Oda ni oda, mama. Lakini ukiniambia uongo mara ya pili, nenda ukafungue genge."

Alipoondoka nilimwambia wifi, "Ungeniambia tu."

Hakujibu. Nilikuwa nimesema kwa maneno makavu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimegombana na mume wangu mpaka chakula kikapoa.

"Nilikosa nini?" nikamuuliza. "Ningemwambia ni wifi, angetaka kuongea na wifi. Wifi angemwambia pete moja inachukua muda inaotaka yenyewe, na oda ingekwenda kiwandani. Nani alikaa kwenye benchi?"

"Wewe."

"Nani alipata oda?"

"Wewe."

"Basi?"

Akafikiri. Kwake yeye ni kazi inayoonekana usoni. "Basi na pete alifua nani?"

Nikamwambia aende akalale karakanani. Akaenda, paa likamvujia, akarudi.

Jumatano, 9 Aprili

Wifi hakuja. Kamtuma Bubu aseme kwamba amekwenda kuitazama hiyo karakana ya kivukoni, atarudi kesho.

Nikasema kazi haisimami. Nimevuta mvukuto miaka kumi na tisa, nimeona pete elfu ngapi zikifungwa mbele ya pua yangu. Mnyororo mwembamba wa mbuzi naufua mwenyewe. Nikashika koleo, mume wangu akavuta mvukuto, Bubu akaimba ubeti wa mwaka wa njaa.

Pete nne. Ya kwanza niliichomoa mapema, ya pili nilichelewa ikaungua. Ya tatu na ya nne nilizipiga vizuri, zikang'aa, nikafurahi, nikazitundika kwenye roda. Zikafunguka zote mbili.

"Wifi huwa anainamisha kichwa," Bubu akasema. "Hivi. Sikio upande wa moto."

"Nimeona."

"Anasema chuma kikiwa tayari kinapiga mluzi mdogo."

Nikainamisha kichwa. Nilisikia mvua, na mvukuto, na mume wangu akihema. Mluzi sikuusikia. Nimekaa kwenye kigoda muda mrefu na koleo mapajani. Miaka kumi na tisa nikiona ile shingo imelala upande, nilidhani anakwepa joto.

Alhamisi, 10 Aprili

Karudi. Hakusema ameona nini. Pete thelathini na nne kwa siku moja. Mimi sikupiga kelele za makaa hata mara moja, na kila ubeti ulipoisha palikuwa na shimo hapo, Bubu ananitazama, na wifi anatazama moto.

Jumamosi, 12 Aprili

Mia nane na kumi na tano. Maji yamefika ngazi ya tatu ya kivuko, kutoka juu. Zimebaki ngazi mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Lori haliwezi kubeba mnyororo mzima, kwa hiyo tumeugawa nusu mbili. Nusu ya kwanza imekwenda na imeshavutwa ng'ambo kwa kamba na watu ishirini. Nusu ya pili inakwenda keshokutwa, na pete ya kuziunganisha itafungwa pale pale ukingoni. Moja tu.

Jumatano, 16 Aprili

Tulifika mtoni saa mbili asubuhi. Maji yalikuwa ngazi ya kwanza, ya juu kabisa. Yana rangi ya chai ya maziwa na yanabeba magogo, na ile nusu iliyovushwa ilikuwa inatetemeka juu ya maji kama uzi wa fundi cherehani. Mkubwa wa pantoni alikuwepo, na watu wake, na abiria waliokwama tangu jana na mizigo yao wakitazama kwa sababu hawana kingine cha kutazama. Tukaweka moto chini ya mabati mawili. Nilikuwa nimebeba mvukuto mdogo wa mkono, fuawe ndogo, na vipande vitatu vya chuma vilivyokatwa na kuchongwa tayari.

Mkubwa akamuuliza wifi, "Umeamua, fundi?"

"Chuma kwanza."

Akatia kipande cha kwanza. Nikavuta mvukuto. Nikangoja aanze wimbo. Hakuanza. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha njano, kikakaribia weupe, kimya kitupu, mvua inapiga bati. Akakichomoa. Bubu akapiga, nyundo ikaja imechelewa, tukavuta, pete ikafunguka.

Kipande cha pili. Kimya. Nikamwambia, "Wifi, imba." Hakunitazama. Bubu akajaribu kuimba peke yake, akaacha. Chuma kikarusha cheche. Kimeungua.

Mtu mmoja wa ofisi akasema maji yakifika pale kwenye gogo wataikata ile nusu iende, la sivyo itang'oa nguzo.

Kikabaki kipande kimoja. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Watu wamekwama, mto unapanda, wiki sita za kazi zinaning'inia kwenye kamba, na huyu mwanamke kanuna. Nikamwambia, "Unataka nini? Sema."

Akamgeukia Bubu. Akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Mwambie zamu si yangu."

Bubu akanigeukia, midomo imekauka. "Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Akatia kipande cha tatu motoni. Akashika koleo, akainamisha kichwa upande wa moto, akangoja. Hakuwa amenuna. Nilimtazama vizuri, hakuwa amenuna hata kidogo. Alikuwa ameshasema yake tangu tarehe nne Machi, na mpaka leo hajajibiwa, na hana ubeti mwingine wa kuongeza.

Mkubwa wa pantoni alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Abiria, sijui arobaini. Mkono wangu ulikuwa kwenye mvukuto, kwa hiyo kwa desturi yao nilikuwa na kazi mkononi, sikuwa na kisingizio. Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka siwezi kuieleza, mtoto mmoja alijificha nyuma ya mama yake. Lakini mvukuto nilikuwa nauvuta kwa mwendo ule ule wa miaka yote, na maneno yakaingia humo yenyewe:

*Zile pete za mfano hazikufuliwa nami.*
*Kazifua wifi yangu, nikajipa sifa mimi.*

Nikaurudia, maana mara moja haikutosha kwa chuma. Mara ya pili niliuimba nikimtazama mkubwa wa pantoni. Nilikuwa nimefika kwenye neno la mwisho wifi alipochomoa koleo. Nyundo ndogo ikagusa, nyundo kubwa ikashuka, ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, na Bubu alikuwa analia na kupiga, sijui analilia nini. Pete ikafunga. Wifi akaigeuza, akaigonga upande wa pili, na bila kuinua macho akanijibu:

*Sauti ya Bi Hesabu, bawaba kavu ya lango.*
*Ila leo, kwa ajabu, nyundo imepata lengo.*

Abiria wote arobaini wakacheka. Niliwaacha wacheke, nilikuwa naitazama pete. Tukaitia maji, tukaivuta kwa roda ya kivuko, watu kumi. Haikusogea. Wakalegeza kamba, mnyororo ukazama taratibu mpaka mahali pake, na pantoni ikaanza kwenda, mizigo, watoto na baiskeli.

Mkubwa akarudi kwa wifi. "Sasa?"

Alikuwa anafuta koleo kwa kitambaa chake cha kichwani, kile kipya. Akasema, "Andika mlangoni kwako jina la mtu mwingine, mzee. Nimekaa pale siku nzima, hakuna mtu wa kumwimba."

Kisha tukakusanya vyombo. Nikabeba fuawe, akabeba mvukuto. Tulipanda ule mteremko wa tope pamoja, Bubu mbele anamsimulia dereva wa lori kila kitu. Tulipofika kwenye lori, wifi akaniambia, mimi, kwa mdomo wake:

"Wifi, kesho tunafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," nikasema. "Mwenye visima anataka zake Jumamosi."

"Mapema mno."

Nilikuwa na la kusema kuhusu hilo. Nilikuwa na mengi. Nikapandisha fuawe kwenye lori.

"Saa moja, basi," nikasema. "Na usichelewe."

"Nitachelewa," akasema, akapanda.

Saa nzima ya kazi nimeitupa, hivi hivi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kachelewa.